Mngoni Aliyepiga Hodi

Kunyamaza mahali pa kucheka ni kosa, na Vaileth alilifanya mbele ya ukumbi mzima, akiwa kavaa suti mpya na beji yenye jina lake shingoni.

Lilikuwa kongamano la wasomi wa siasa za China na uhusiano wake na mataifa mengine, na lilifanyika kwa siku mbili katika ukumbi wa chuo kimoja Kinondoni. Viyoyozi vya ukumbi ule vilikuwa na ubaguzi: waliokaa kulia walijikunyata kama vifaranga, waliokaa kushoto walijipepea kwa ratiba. Tangu asubuhi watu walikuwa wamezungumzia bandari, mikopo, kura za Umoja wa Mataifa na chama kinachotawala kule Beijing, kila mmoja akianza kwa kusema itifaki imezingatiwa, kisha asijali kabisa muda aliopewa. Zamu ya Vaileth ilipofika, wasikilizaji walikuwa wameanza kuiwaza chai.

Vaileth alikuwa mhadhiri msaidizi, Mhehe wa Iringa aliyekulia Kinyerezi kwa baba yake. Mada yake aliipa jina "Urafiki Usio na Utani", na hoja yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuijibu. Sisi huku, alisema, hatumpimi mtu wetu kwa anavyotusifu. Wahehe na Wangoni walichinjana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakaanza kutaniana. Hadi leo Mngoni anaweza kuingia kwa Mhehe akabeba kuku, na mwenye kuku akacheka. Tanzania na China ni marafiki tangu enzi za ile reli. Zinapeana mikono, zinapeana pongezi, zinaitana ndugu kwenye hotuba. Lakini nani amewahi kuusikia upande mmoja ukiutania mwingine? Marafiki wanaoogopa kutaniana bado hawajaaminiana. Akatoa mfano wa baba yake, mzee Wilfred, aliyeijenga reli hiyo akiwa kijana kambini Mlimba. Mafundi wa Kichina aliofanya nao kazi walikuwa wengi, na wote watu wema, ila aliyemkumbuka kwa jina mpaka leo ni mmoja tu, yule aliyekuwa akimfichia kofia.

Ukumbi ulipiga makofi ya kweli, si yale ya kuwaamsha waliosinzia. Kwenye viti vya mbele Profesa Shen aliinua kichwa akatabasamu.

Huyu Profesa Shen ndiye aliyekuwa akimtia Vaileth tumbo joto. Alikuwa mama wa makamo kutoka China, mwembamba, aliyejifunza Kiswahili kabla Vaileth hajazaliwa, na aliyekisema vizuri kuliko watangazaji wetu wengi. Chuo chake kilikuwa na nafasi moja ya shahada ya uzamivu kwa msomi kijana wa hapa nchini, naye alikuja kumtafuta huyo msomi. Vaileth alikwishanyimwa nafasi za namna hiyo mara mbili kwingineko, na mkuu wake wa idara alimweleza waziwazi kwamba asipoanza uzamivu mwaka huu, mkataba wake hautaongezwa. Akikosa hapa, alikuwa hajui pa kwenda.

Kisha mwenyekiti wa kikao akakaribisha michango, na mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Profesa Kasimiri.

Kasimiri alikuwa Mngoni wa Songea, mkazi wa Chamazi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alifundisha chuo kilekile anachofundisha Vaileth, lakini ujamaa wao haukuwa wa chuoni. Kila Jumapili baada ya misa alivuka mji mpaka Kinyerezi, akaingia uani kwa mzee Wilfred bila hodi, akafunua masufuria, akakalia kiti kizuri kuliko vyote, na wakatukanana na mzee mpaka jua likapoa. Vaileth aliokotea hoja yake kwenye mazungumzo hayo ya barazani. Siku moja taarifa ya habari ilionyesha viongozi wakipeana mikono, Kasimiri akasema wale wanashikana mikono tu, hawajawahi kuibiana kuku. Mzee Wilfred akamjibu kwamba Mngoni lazima azijue habari za kuiba. Vaileth akaenda chumbani akaandika. Kwenye shukrani, ukurasa wa mwisho wa mada, aliwataja wote wawili.

"Mwenyekiti, mie nina malalamiko," alisema Kasimiri, uso kaukunja kama mtu mwenye kesi. "Hapa pametokea wizi. Wahehe walianza kwa kula mbwa wetu, tukavumilia. Leo huyu binti kaingia kichwani mwangu, kakomba kila kitu. Yote aliyoyasema ni yangu. Hata yale makosa ni yangu, nayajua kwa sura. Naomba milango ifungwe akaguliwe."

Ukumbi uliangua kicheko. Watu wote wakamgeukia Vaileth kungoja jibu, maana utani ni mpira, ukirushiwa unarudisha. Na majibu yalimjaa mdomoni. Angeweza kusema kwamba aliingia kweli kwenye kichwa hicho akakuta kumefagiliwa, hata kigoda hakuna. Angeweza kuuliza tangu lini Mngoni akamiliki kitu, watu waliokuja nchi hii mbio wamebeba ngao tu. Lakini macho yake yalikwenda kwa Profesa Shen, akamwona ameinama anaandika, akaogopa. Akajiona akijibu kama msichana wa kijiweni. Msomi anayetafuta uzamivu, aliwaza, hasimami mbele za watu akamwambia profesa kwamba kichwa chake kitupu.

"Nashukuru kwa mchango wako, Profesa," alisema. "Nitaufanyia kazi."

Kicheko kikafa palepale. Mtu mmoja nyuma aliguna. Kasimiri alisimama kidogo, kama mtu aliyenyoosha mkono usipokewe, kisha akakaa, na mwenyekiti akaita mchango mwingine.

Wakati wa chai Vaileth alikuwa hajaimaliza sambusa yake Noela alipomvuta pembeni. Noela alikuwa katibu wa kongamano, na walikuwa wamesoma pamoja, kwa hiyo hakuzungusha maneno.

"Vai, kuna ishu. Profesa Shen ananiuliza kama chuo kitaunda kamati."

"Kamati ya nini?"

"Ya ule wizi."

Vaileth alicheka. Alicheka peke yake.

"Mie nimemwambia ni utani, shosti. Nimemwambia mpaka mate yamenikauka. Anataka akusikie wewe."

Profesa Shen alimpokea vizuri, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe, na wema huo ukazidi kumtisha Vaileth. Alikuwa amejiandaa kumfundisha mgeni maana ya utani tangu mwanzo. Hakuhitajika.

"Nimesoma habari za utani," alisema Profesa Shen. "Nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha nzima juu yake. Vitabu vyote vinasema jambo moja, kwamba watani hujibizana. Mmoja akitukana, mwenzake hutukana zaidi. Na wewe mwenyewe umetuambia hivyohivyo leo. Profesa Kasimiri alisema umeiba, nikayaandika maneno yake, nikaweka kalamu chini, nikangoja utamjibu nini. Hukumjibu. Ulimshukuru." Akasita kidogo, kama anayetafuta neno lisiloumiza. "Nilifikiri huyu si mtani. Nilifikiri huyu amekamatwa."

Vaileth alihisi jasho likimtiririka mgongoni ndani ya suti. Mgeni wa watu aliijua mila yake sawasawa. Aliyeikosea ni mwenye mila.

"Nilikuwa nakuogopa wewe," alisema, na ulikuwa ukweli mtupu.

Profesa Shen alimtazama kwa huruma. "Nakuamini. Lakini mwisho wa yote siamui peke yangu. Kikao kimerekodiwa, na wenzangu watakitazama. Wao hawakuandika insha juu ya utani. Watamwona profesa akisema kijana ameiba, na kijana akisema asante. Kesho, kabla kongamano halijafungwa, nahitaji neno la wazi la Profesa Kasimiri, lisilo na mzaha. Bila hilo siwezi kulipeleka jina lako."

Jioni ile Vaileth alimkuta baba yake barazani, uso kauelekeza upande inakonguruma mitambo ya gesi, kama kawaida yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mzee vivuli tu, ila masikio yalikuwa bado ya kijana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mngoni wangu alikuwepo huko?"

"Alikuwepo."

"Alikutukana?"

"Alisema nimemwibia mawazo. Akataka nikaguliwe mlangoni."

Mzee alipiga goti lake kwa furaha. "Nawe ukamjibuje?"

Vaileth alitazama pembeni, ingawa mzee hakuweza kumwona. "Nilimwambia niliingia kichwani mwake nikakuta kumefagiliwa."

Mzee Wilfred alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilipokwisha akaanza kucheka upya. "Jumapili nitamuuliza," alisema huku akijifuta macho. "Nitamuuliza alifagia lini." Vaileth aliingia jikoni, akaifunua sufuria, akaifunika tena. Alijua amemdanganya mzazi, na alijua kesho atafanya jambo baya zaidi ya hilo.

Asubuhi alipiga hodi ofisini kwa Kasimiri.

"Karibu, mwizi," sauti ilimkaribisha kutoka ndani. "Umekuja kubeba na meza?"

Vaileth alikaa, akaeleza yote, mikono kaibana katikati ya magoti. Kasimiri alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyochangamka.

"Basi hiyo ishu ndogo sana," alisema. "Leo kwenye kikao cha kufunga simama, unijibu. Nitukane, tena unitukane vizuri, ile kamera ichukue. Mie nitajifanya nimezidiwa nguvu, niombe maji ya kunywa. Watacheka mpaka hao wa kule."

Na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake. Hata mtoto angeiona. Lakini woga ukishamkaa mtu kifuani humtafutia sababu, nao ulimpa Vaileth sababu nyingi. Je, sauti ikitetemeka? Je, kicheko kikifa, kama jana? Je, hao wenzake Profesa Shen wakiona sasa kijana huyohuyo anayetuhumiwa wizi anamtukana profesa hadharani?

"Amesema neno lisilo na mzaha, Profesa," alisema taratibu. "Naomba ukanushe. Na uombe radhi."

Kasimiri alivua miwani yake, akaiweka juu ya karatasi.

"Vaileth," alisema. Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. Tangu akiwa mdogo alimwita Mla Mbwa. "Mtani haombi radhi. Akiomba, nyie mmekuwa watu baki. Na mie siwezi kukuomba wewe peke yako. Nikikuomba wewe nimemwomba na baba yako, na babu yako kaburini. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Mzee anajua kama umekuja hapa?"

"Hajui."

"Na unataka kweli?"

Palikuwa na nafasi ya kusema hapana. Vaileth aliiona, akauona na mkataba wake ukiisha, na baba yake akiongozwa mkono kuhamia chumba kimoja, maana kodi ya nyumba ilitokana na mkataba huo. "Nataka kweli," alisema.

Kasimiri alivaa miwani. "Sawa," alisema.

Kwenye kikao cha kufunga alisimama, na safari hii akaomba kipaza sauti. Aliongea taratibu, kwa Kiswahili cha ofisini, macho kwenye kamera. Alisema jana alitoa maneno kuhusu mada ya Bi Vaileth, na maneno yale hayakuwa ya kweli. Kazi ni yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. "Mimi sina mchango wowote katika kazi hiyo," alisema. "Namwomba radhi yeye, na naliomba radhi kongamano."

Hakuna aliyecheka. Watu wawili watatu wa kusini waliokaa nyuma waliinamisha vichwa kama waliokuja kuzika. Vaileth alitazama vidole vyake. Mchango alikuwa nao, na yeye Vaileth alijua ni baraza ipi, jioni ipi. Profesa wa watu alikuwa ametoa hata kile kidogo kilichokuwa chake halali, ili neno litoke safi. Profesa Shen akaja akampa Vaileth mkono, akamwambia sasa limekwisha.

Jumapili iliyofuata Kasimiri hakuja Kinyerezi. Ya pili yake pia hakuja. Mzee Wilfred alikaa barazani, kiti kizuri kakiacha wazi, sikio kalielekeza barabarani, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimfanya atabasamu bure.

"Anasahihisha mitihani, baba," alisema Vaileth.

"Mngoni na mitihani wapi na wapi," alijibu mzee. Lakini chakula alikila kidogo.

Chuoni walipokutana kwenye korido Kasimiri alimpisha. "Habari za kazi, Bi Vaileth?" alimsalimu. "Nzuri, Profesa," alijibu Vaileth, na kila mmoja akashika njia yake. Aliwahi kuogopa matusi ya mtu yule mbele za watu, sasa aliogopa salamu zake. Alianza kupitia mlango wa nyuma asikutane nazo.

Barua pepe kutoka China iliingia Jumamosi, ikisema amepata. Noela alimpigia simu akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Vaileth alifurahi, tusimsingizie. Alipiga magoti akamshukuru Mungu, akaanza hata kuwaza sweta. Kisha akamkumbuka baba yake na kile kiti, akampigia Kasimiri, akamwomba kwa heshima zote aje kesho, walau mara moja kabla hajasafiri, mzee anamuulizia. "Nitakuja," alisema Kasimiri.

Alikuja. Vaileth alikuwa anaanua nguo alipomsikia.

"Hodi," sauti ilisema nje ya geti. "Hodi wenyewe."

Alimfungulia. Kasimiri alikuwa amevaa koti, mkononi ana mfuko wa sukari na majani ya chai, kama mchumba aliyekuja kujitambulisha. Vaileth akajikaza, akasema kile alichopaswa kukisema ukumbini, ingawa sauti ilimtetemeka vilevile alivyohofia.

"Sukari kilo moja tu? Kwenu Songea ndiyo mahari hii?"

Kasimiri alimtazama. Kitu kilipita usoni mwake, midomo ikataka kufunguka, na Vaileth akangoja tusi lake kwa moyo unaodunda kuliko alivyoingoja ile barua kutoka China. Kisha kile kitu kikapita.

"Tusameheane, mwanangu, ni kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Siku hizi naogopa mdomo wangu. Neno langu moja lilitaka kukuharibia maisha. Nikitaka kutania natazama kwanza nani anaandika."

Akampita, akavua viatu, akapanda barazani, akakaa kwenye benchi, ncha kabisa. Kiti kizuri hakukigusa.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa sauti ileile ya chini.

Mzee Wilfred aligeuza uso wake kuelekea ilikotoka sauti. Katika miaka yote ya kujuana kwao hakuwahi kuisikia shikamoo kutoka upande ule. "Marahaba, marahaba. Karibu sana. Habari za utokako?"

"Nzuri, mzee. Za hapa?"

"Salama tu." Mzee akasikiliza kidogo, akangoja liongezwe neno, halikuongezwa. "Vaileth. Nani mgeni wetu huyu?"

Vaileth alisimama chini ya baraza na nguo mkononi. "Ni Profesa Kasimiri, baba."

"Wacha mchezo na mzee." Mzee Wilfred alicheka kwa upole, akaupapasa mkono wa mgeni, akaupigapiga kumtoa wasiwasi. "Kasimiri hapigi hodi. Usijali, bwana, hawa watoto hunitania kwa sababu ya macho. Una adabu sana wewe, mama yako alikulea." Kisha akamgeukia binti yake. "Mletee mgeni chai, Vaileth. Anywe mapema aende zake salama, maana Mngoni wangu akimkuta hapa hatamwacha."

Kasimiri aliinamisha kichwa. Vaileth akaenda jikoni, akabandika maji, akachukua vikombe viwili. Alipoitazama ile baraza kupitia dirishani, mgeni alikuwa bado amekaa kwenye ncha ya benchi na mikono juu ya magoti, na baba yake alikuwa amegeuza tena sikio kuelekea barabarani.